Tunisia, Misri au Oman: nani alijibu vizuri swali la ajira baada ya 2011, na bili kalipa nani?

Kila vijana wakiingia barabarani, iwe nchi gani, hazipiti siku mbili utaziona mtandaoni hoja zilezile tatu. Serikali iwaajiri wote waliosoma. Hapana, ijenge miradi mikubwa watu wapate vibarua. Hapana, iwatoe wageni nafasi ziende kwa wazawa. Watu wanabishana usiku kucha kama vile hayo mambo ni mapya kabisa, kumbe yote matatu yameshajaribiwa, tena karibu kipindi kimoja na nchi tofauti, na matokeo yapo wazi kwa anayetaka kuangalia. Baada ya moto wa maandamano ya 2011 kule kwa Waarabu, Tunisia iliegemea njia ya kwanza, Misri ya pili, Oman ya tatu. Kila mmoja alichanganya changanya kidogo, sikatai, ila uzito ulikuwa huko.

Kwa hiyo nimeziweka hizo nchi tatu sambamba, ili we unayetakiwa kuchagua upande, iwe kwenye mdahalo wa chuo, kikao cha chama cha wafanyakazi au ubishi tu wa kijiweni, uwe na cha kushika mkononi. Kipimo changu kikubwa ni kimoja: bili ya hizo ajira ililipwa na nani. Maana ajira ya kutuliza maandamano haijawahi kuwa bure, kuna mtu analipa, na mara nyingi sio yule aliyeitangaza kwenye tv.

MOTO ULIANZIA WAPI

Tunisia inajulikana. Tarehe 17 Desemba 2010 mjini Sidi Bouzid, Mohamed Bouazizi, machinga wa matunda na mkokoteni wake, akajichoma moto baada ya watu wa manispaa kumnyang'anya bidhaa na mizani. Akafariki 4 Januari 2011, na siku kumi baadaye Rais Ben Ali aliyekaa miaka 23 akapanda ndege kwenda Saudia. Sasa kuna kitu kidogo hapa ambacho mi naona kilipotosha kila kilichofuata. Habari zilisambaa kwamba jamaa alikuwa na digrii amekosa kazi. Hakuwa nayo, hata sekondari hakuimaliza. Alikuwa mchuuzi anayehangaishwa na mgambo, basi. Lakini hadithi ya "msomi asiye na kazi" ndo ikakamata, na sera zilizokuja zikawalenga wasomi, machinga wakabaki na mikokoteni yao na mgambo wao.

Kabla ya hapo palikuwa na fukuto la 2008 huko Redeyef, kwenye machimbo ya fosfeti (malighafi ya mbolea) ya Gafsa, watu waliamka miezi kadhaa kisa matokeo ya usaili wa kampuni ya serikali ya fosfeti, nafasi chache na majina yamejaa ndugu na marafiki. Kujuana, kule wanaita wasta. Nadhani hapo hatuhitaji kuelezana sana.

Misri nayo ilikuwa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Mahalla, walipiga mgomo mkubwa Desemba 2006, alafu tarehe 6 Aprili 2008 mji ukawaka, vijana wa Cairo wakaichukua hiyo tarehe wakaipa kundi lao jina. Wanaosema mapinduzi ya Misri yaliletwa na facebook wanawasahau hawa.

Oman watu wengi hata hawajui kama kulikuwa na kitu. Kilikuwepo. Februari 2011 vijana wa Sohar, mji wa bandari na viwanda vikubwa, walikaa kwenye mzunguko wa barabara wakidai kazi na mshahara na kuondolewa kwa mawaziri walioshiba, polisi wakaingia, mtu akauawa. Fikiria unaishi Sohar, moshi wa kiwanda unauona kila asubuhi kutoka dirishani, af wanaoingia getini ni watu wa mbali. Hasira yao ilikuwa ya namna hiyo, na ndo maana jibu la Oman likawa la namna yake pia.

TUNISIA: INGIENI WOTE NDANI

Serikali za mpito zilikuwa dhaifu na zenyewe zilijua hivo. Mtu dhaifu akizungukwa na watu wenye hasira anatoa alichonacho, na walichokuwa nacho ni ajira za serikali. Ukosefu wa ajira ulikuwa karibu 13% mwaka 2010, ukaruka mpaka zaidi ya 18% mwaka 2011, na kwa waliomaliza vyuo takriban mmoja kati ya watatu hakuwa na kazi. Wakaanza na mpango wa AMAL, dinari 200 kwa mwezi kwa mhitimu anayetafuta kazi. Wakati huohuo milango ya serikali ikafunguliwa, watumishi wa umma ambao 2010 walikuwa pungufu ya nusu milioni wakavuka laki sita miaka michache tu baadaye. Mishahara ya serikali ilikuwa karibu 11% ya pato la taifa, ikafika 17.6% mwaka 2020, na IMF, shirika la fedha la kimataifa, wenyewe wakasema ni kati ya viwango vya juu kabisa duniani.

Kisa cha fosfeti ndo kinanikaa kichwani zaidi. Gafsa walikuwa wanatoa tani milioni 8 hivi mwaka 2010. Baada ya mapinduzi kila aliyekosa kazi akagundua kitu rahisi: ukikaa kwenye reli, treni ya fosfeti haipiti, na treni isipopita serikali inakuja kuongea na wewe. Uzalishaji ukaanguka chini ya tani milioni 3 mwaka 2011 na miaka mingi baadaye haukurudi ulikokuwa. Ili reli ifunguliwe kampuni ikalazimika kuongeza watu kwa maelfu, na pembeni yake zikapanuliwa kampuni za "mazingira na upandaji miti" ambazo kazi yake kwenye karatasi ni bustani, ila watu wengi waliokuwa kwenye orodha hawakuwa na bustani yoyote ya kwenda, mshahara unaingia, mtu yuko mgahawani anakunywa kahawa. Wabongo tunawajua wafanyakazi hewa, majina yasiyo na mtu. Hawa walikuwa kinyume chake, mtu yupo kabisa, kazi ndo hewa. Kwa hiyo unazalisha chini ya nusu, na wanaolipwa wameongezeka maradufu. Hiyo hesabu hata mtoto wa darasa la tatu anaona inaelekea wapi.

Na usifikiri waliokaa relini walikuwa wapumbavu, hapana, walikuwa na akili kuliko serikali. Walishaona kwamba aliyetuma maombi kistaarabu na bahasha yake ya kaki hapati kitu na aliyeziba njia anapata. El Kamour, jangwani huko Tataouine, 2017, vijana walifunga bomba la mafuta. Wakasaini makubaliano: nafasi 1,500 kwenye kampuni za mafuta, nyingine 3,000 kwenye kampuni ya mazingira ya namna hiyohiyo, na dinari milioni 80 za maendeleo ya mkoa. Utekelezaji ukasuasua, 2020 wakalifunga tena bomba kwa miezi kadhaa. Yaani serikali ilikuwa inawafundisha wananchi wake, kwa gharama kubwa, namna ya kuibana.

Kilele chake ni Sheria namba 38 ya 2020. Bunge likapitisha kwamba mhitimu aliyekaa zaidi ya miaka 10 bila kazi aajiriwe serikalini, Rais Kais Saied akaisaini Agosti 2020, af Novemba 2021, akiwa tayari amelisimamisha bunge, akasema haitekelezeki. Na kwa kweli ilikuwa haitekelezeki, hela hakuna, ila hebu jiweke kwenye nafasi ya mtu wa miaka 38 aliyekuwa ameshaanza kuhesabu.

Bili kalipa nani? Bajeti, yaani mikopo, yaani kila Mtunisia. Hela ya kujenga barabara na hospitali za mikoa ya ndani, kulekule Sidi Bouzid na Kasserine kulikoanzia moto, ikaliwa na mishahara. Ukosefu wa ajira ukabaki kwenye 15, 16% mwaka hadi mwaka. Na machinga, narudia, hakuajiriwa.

MISRI: SHIKA KOLEO

Misri nayo mwanzoni ilitoa toa. Februari 2011 hata kabla vumbi halijatulia, mamia ya maelfu ya waliokuwa na mikataba ya muda serikalini waliahidiwa kudumishwa, na kwa miaka miwili mitatu ilikuwa purukushani. Ila Misri ilikuwa na historia ya jambo hilo, tangu enzi za Rais Nasser miaka ya 60 mhitimu alikuwa anahakikishiwa kiti serikalini, matokeo yake wakawa na watumishi kama milioni 6 na foleni ya kusubiri inayoweza kula ujana wako wote. Kwa hiyo baada ya jeshi kumtoa Rais Morsi Julai 2013 na Jenerali el-Sisi kuingia madarakani 2014 upepo ukageuka kabisa. Ajira serikalini zikabanwa, sheria mpya ya utumishi ikakataliwa na bunge Januari 2016 ikarudi na kupita mwaka huohuo kama Sheria namba 81. Badala yake: miradi.

Mfereji mpya wa Suez, kazi iliyokadiriwa miaka mitatu, el-Sisi akasema mwaka mmoja, na ukafunguliwa kweli Agosti 2015. Hela walichanga Wamisri wenyewe, pauni bilioni 64 kwa siku nane, kwa kununua hati zenye riba ya 12%. Mji mkuu mpya jangwani ukatangazwa Machi 2015. Barabara, madaraja, nyumba. Nyuma ya sehemu kubwa ya hiyo miradi kuna jeshi, kwa njia moja au nyingine.

Kwenye karatasi imefanya kazi. Ukosefu wa ajira ulifika karibu 13% mwaka 2013, miaka ya karibuni uko karibu 7%. Nusu! Mtu anayetetea njia hii atakupigia hiyo namba usoni na utashindwa kumjibu usipojua namba yenyewe inahesabuje. Asiyetafuta kazi hahesabiwi. Aliyekata tamaa akarudi nyumbani kwa mama yake, hayumo. Wanawake wa Misri walio kazini au wanaotafuta kazi hawafiki hata wawili kati ya kumi, na saruji haiwaajiri. Na aliyepata kibarua cha kubeba zege siku tatu kwa wiki, bila mkataba bila bima, huyo takwimu inamwita mwajiriwa.

Alafu kuna pauni. Novemba 2016 kwa ajili ya mkopo wa IMF wa dola bilioni 12 wakaiachia pauni ielee, ikatoka kama 8.8 kwa dola ikaenda mpaka 18 hivi, 2017 bei zikapanda zaidi ya 30%. Ikashuka tena 2022, 2023, na Machi 2024 ikafika karibu 50. Angalia sasa kima cha chini cha mshahara serikalini. Januari 2014 kilikuwa pauni 1,200, wakati ule ni kama dola 170. Machi 2024 kikapandishwa mpaka pauni 6,000, makofi, mara tano! Kwa dola ilikuwa kama 125. Umepandishiwa mshahara mara tano na umeshuka.

Kwa hiyo bili ya Misri imelipwa na thamani ya mshahara wenyewe. Kazi zipo, ila kila mwaka inabidi uwe nazo mbili tatu ili ufike pale ulipofikaga na moja.

OMAN: WAZAWA KWANZA

Sultan Qaboos hakusubiri. Mwisho wa Februari 2011, siku ileile Sohar inawaka, akaamuru ajira 50,000 na rial 150 kila mwezi kwa anayetafuta kazi na kujiandikisha. Kwa nchi yenye wazawa kama milioni mbili hiyo 50,000 ni kishindo. Nafasi nyingi zikawa jeshini, polisi, maofisini. Kima cha chini cha mshahara wa Muomani kwenye sekta binafsi kikatoka rial 140 kikawa 200, na Julai 2013 kikawa 325.

Sasa soma hapo vizuri: cha Muomani. Mgeni hana kima cha chini cha namna hiyo. Af wakati ule mgeni alikuwa amefungwa kwa mwajiri wake, kubadili kazi mpaka apewe barua ya kuruhusiwa. Jiweke wewe ndo mwenye supamaketi pale Ruwi, jijini Muscat, miaka hiyo. Mmoja anaanzia rial 325, anajua sheria, akikasirika anaondoka. Mwingine unamlipa chini sana na hawezi kuondoka. Utamchukua nani? Hapo ndo sera ya wazawa kwanza inajipiga yenyewe, unampandishia mwananchi bei halafu unamwacha mwenzake awe wa bei poa, na kisha unashangaa kampuni haziwataki wananchi. Na serikali yenyewe ilivyomwaga zile nafasi za 2011, Waomani waliokuwa sekta binafsi nao wakaacha kazi kwenda kupanga foleni kwenye zile, masaa machache mshahara mkubwa, nani angebaki.

Mafuta yakaanguka kati ya 2014 na 2016, zaidi ya dola 100 kwa pipa mpaka chini ya 30, serikali ikasimamisha kuajiri. Oktoba 2017 ikatangaza tena nafasi 25,000, na Januari 2018 ikafunga viza za kazi kwa wageni kwenye kada 87. Mei 2021, ukiwa ndo kwanza umepita mwezi tangu VAT ianze, Sohar hiyohiyo ikaamka. Kizazi kingine, madai yaleyale. Sultan Haitham, mrithi wa Qaboos, akatangaza nafasi 32,000, mchanganyiko wa kudumu na za muda.

Ila hapa lazima niwe mkweli, duru hii ya pili Oman ilikuwa imejifunza kitu. Moja, sehemu ya hizo nafasi ilikuwa ruzuku, serikali inachangia rial 200 kwenye mshahara wa Muomani anayeingia sekta binafsi mara ya kwanza, kwa hiyo ile tofauti ya bei niliyoisema inapungua bila kumkandamiza mtu. Mbili, 2020 walianzisha fao la kukosa ajira, mfanyakazi anakatwa 1%, mwajiri anaweka 1%, ukipoteza kazi bila kosa lako unalipwa kwa miezi kadhaa. Tatu, na kwangu hii ndo kubwa, Januari 2021 ile barua ya ruhusa ikafutwa, mgeni akimaliza mkataba anaweza kwenda kwa mwajiri mwingine. Wengi waliliona hilo kama zawadi kwa wageni. Mi naliona ni sera bora ya kuajiri wazawa waliyowahi kutoa, maana mgeni anayeweza kuondoka hawezi kulipwa hovyo, na asipolipwa hovyo hamwangushi mzawa.

Bili? Mafuta kwanza, na mafuta yakishuka anayelipa ni mgeni anayerudishwa kwao. Na hao wageni wengi ni nani? Wahindi, Wabangladeshi, ndio, lakini na Wamisri pia. Misri kwa mwaka inapokea kutoka kwa watu wake walio nje zaidi ya dola bilioni 30 ikiwa mwaka mzuri, nyingi zikitoka Ghuba. Saudia ilipoanzisha Nitaqat Juni 2011, kupanga kampuni kwa rangi kuanzia nyekundu hadi platinamu kulingana na wazawa ilionao, maumivu yalisikika vijiji vya Misri. Kwa hiyo unaposifia nchi moja kwa kutoa ajira angalia kama haikuhamishia tu foleni kwa jirani.

NANI ANARUHUSIWA KUFUNGUA MDOMO

Upande huu Tunisia inawaacha wenzake mbali, wala sio kwa kukaribiana. UGTT, chama cha wafanyakazi kilichoanzishwa 1946, hakikuwa cha kupamba ukumbi. Kilishiriki kuangusha utawala, Januari 2013 kikasaini mkataba wa kijamii na serikali pamoja na waajiri wa UTICA, kikawa kwenye lile kundi la mashirika manne lililopata Nobel ya Amani 2015 kwa kuzuia nchi isiingie kwenye vita. Wapo wanaosema nguvu hiyohiyo ndo iliyozuia kila mageuzi, kila serikali ikigusa mishahara UGTT inapiga mgomo nchi nzima. Kuna ukweli ndani yake. Chama kinawalinda waliomo, asiyemo hana wa kumsemea. Na tangu Saied akusanye madaraka yote chama kimebanwa, viongozi wake kukamatwa limekuwa jambo la kawaida.

Misri ilianza vizuri ikaishia vibaya. Januari 30, 2011, katikati ya maandamano ya uwanja wa Tahrir, Cairo, shirikisho la vyama huru likatangazwa, la kwanza tangu lile la serikali la 1957. Machi waziri wa kazi akakubali uhuru wa vyama, na mwezi huohuo baraza la kijeshi likaja na amri ya kufunga watu jela kwa migomo inayovuruga kazi. Mkono mmoja unatoa, mwingine unachukua. Sheria ya vyama ya 2017 ikavilazimisha vyama huru kujisajili upya, vingi vikafa hapohapo.

Oman vyama vimeruhusiwa tangu 2006, serikalini hakuna.

MWENYE KAZI ISIYO NA KARATASI

Ukitaka kujua sera ya ajira ni ya kweli, usimuulize mwenye barua ya ajira, muulize kibarua.

Misri kwa miaka mingi kulikuwa na mchezo wa fomu namba 6. Siku unaanza kazi unapewa karatasi mbili usaini, mkataba, na barua ya kuacha kazi isiyo na tarehe. Bosi anaiweka kwenye droo. Siku akikuchoka anaandika tarehe, umeacha kazi mwenyewe kwa hiari. Mamilioni wamefanya kazi na kisu hicho shingoni. Sheria mpya ya kazi, namba 14 ya 2025, iliyoanza Septemba 1, 2025, inasema barua ya kuacha kazi haina nguvu mpaka ithibitishwe na ofisi husika ya serikali. Inawatambua pia wanaofanya kazi kwa programu za simu, madereva na wa kupeleka vyakula. Wafanyakazi wa majumbani imewaacha nje, kama kawaida.

Tunisia Mei 2025 wao wamepiga marufuku ajira za mawakala, ule mtindo wa mlinzi au mfanya usafi kuajiriwa na kampuni ya kati miaka 15 huku akifanya kazi sehemu moja kwa nusu mshahara, na mikataba ya muda imebanwa ibaki kwa sababu maalumu tu. Kwenye karatasi ni sheria tamu kuliko zote nilizozitaja. Wasiwasi wangu ni kwamba uchumi usipokua, mwajiri mdogo hataajiri kabisa, au ataajiri kimyakimya bila karatasi. Tusubiri.

Oman kwa mzawa sasa hivi ulinzi ni mzuri, sheria ya kazi ya 2023 na ya hifadhi ya jamii mwaka huohuo zimeongeza mengi, mpaka likizo ya uzazi ya siku 98. Dada wa kazi wa ndani yeye ana kanuni zake za pembeni, nje ya ulinzi wa sheria kuu.

SASA WE UCHAGUE IPI

Kama nchi yako haina mafuta, njia ya Oman ya 2011 ifute kichwani, huwezi. Ila vile vitu vitatu vya 2020 na 2021 havihitaji mafuta mengi hivo, fao la kukosa ajira linachangiwa na wenyewe, na kumwachia mgeni huru hakugharimu hata senti. Mi ningeanza na hivyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kama unavutiwa na miradi ya Misri, jiulize kwanza sarafu yako inaweza kuibeba, na wanawake utawaweka wapi. Mradi usio na jibu la hayo mawili ni kibarua cha miezi 18, baada ya hapo mnarudi mlipokuwa mkiwa na deni.

Njia ya Tunisia ya kuingiza watu serikalini sitamshauri mtu yeyote, hata hasira ziwe kubwa vipi. Nafuu uwape watu ile dinari 200 kwa muda maalumu, tena bila kubagua aliyesoma na asiyesoma, kuliko kuwapa kiti cha maisha kisicho na kazi. Lakini ule mkataba wa kijamii wa 2013, pande tatu zinakaa, nani anatoa nini nani anapata nini, huo ningeuchukua leo. Haukutekelezwa ipasavyo, sio kwamba ulijaribiwa ukafeli. Ni tofauti kubwa.

Na kwa sisi wenye ndugu huko. Muscat Kiswahili kinasikika sokoni na majumbani, Waomani wengi walitoka Zanzibar baada ya 1964 na Qaboos alipoingia 1970 aliwaita warudi wakashika kazi serikalini, kwa hiyo kijana wa Unguja au Mombasa akifika anahisi kama nyumbani. Asijisahau. Kwenye karatasi yeye ni mgeni, na orodha ya kada zilizofungwa kwa wageni huwa inaongezeka, kwa hiyo kabla ya kulipa wakala hata shilingi, aulize kazi iliyoandikwa kwenye viza ni ipi na kama bado iko wazi. Anayekwenda kazi za ndani aombe nakala ya mkataba kwa lugha anayoisoma na aiache nyingine kwa ndugu, maana sheria kuu haimlindi. Na anayefikiria kupitia Tunisia kuelekea Ulaya, huku akitafuta vibarua Sfax kwanza, ajue kwamba baada ya hotuba ya Saied ya 21 Februari 2023 dhidi ya Waafrika weusi watu walifukuzwa kazini na kwenye nyumba za kupanga ndani ya siku chache, wenye karatasi na wasio na karatasi.